Kabati Letu Lilivyohamia Nanyala

Mwenye nyumba alikuja Jumapili jioni, tarehe 25 Juni 2023, tukiwa uani tunachambua maharage. Mtoto alimletea kigoda, hakukaa. Alisema kodi inapanda kuanzia Julai, kila chumba kutoka elfu 45 hadi elfu 60, kwa sababu serikali imepandisha kodi ya majengo na yeye hawezi kuubeba mzigo huo peke yake. Sisi tulikuwa na vyumba vitatu pale Sogea, Tunduma. Aliitaka ya miezi sita kwa mkupuo, yaani milioni 1 na elfu 80, na alituachia siku tano.

Alipoondoka, mume wangu aliendelea kuchambua maharage kwa muda mrefu bila kusema neno. Kisha akasema, "Twende kwa mama, Nanyala."

Mambo yote yaliyotupata baadaye yalianzia kwenye neno moja. Kiswahili chetu kinaita kodi ile anayotoa mpangaji kwa mwenye nyumba, na kinaita kodi ile anayotoa raia kwa serikali. Mwenye nyumba wetu alisimama katikati ya hizo mbili. Bajeti iliyosomwa na Waziri wa Fedha wa wakati huo, Dk. Mwigulu Nchemba, tarehe 15 Juni 2023, ilipandisha kodi ya majengo kwa nyumba ya kawaida kutoka shilingi 12,000 hadi 18,000 kwa mwaka. Kwa mwezi ni kutoka 1,000 hadi 1,500. Kilichoongezeka ni mia tano, tena kwa nyumba nzima. Na hiyo mia tano haitoki mfukoni mwake: tangu Agosti 2021 kodi hii inakatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla, na anayenunua umeme wa nyumba ya kupanga ni mpangaji. Kwa hiyo mia tano ningeilipa mimi kupitia mita, halafu ningemlipa yeye elfu 45 za ziada kila mwezi kwa uchungu wa mia tano ambayo hakuitoa.

Hesabu hiyo niliipiga usiku, kwenye karatasi ya sukari. Nilimwonyesha mume wangu. Akasema ni kweli tupu, lakini milioni hatuna.

Tulikubaliana kuhama Jumamosi tarehe mosi Julai. Mume wangu ni fundi wa kuchomelea, na karakana yake ya kukodi iko Tunduma. Mimi nilikuwa nauza chai na chapati kwa madereva wa malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia na Kongo. Foleni ile ndiyo ilikuwa mtaji wangu. Dereva akikwama siku mbili barabarani anakula kwangu mara nne. Kuiacha foleni kwenda kijijini ilikuwa kama mvuvi kuambiwa ahamie mlimani, lakini foleni hailipi milioni kwa siku tano.

Kijana wa kirikuu, kile kigari cha mizigo, tulipatana naye Alhamisi kwa elfu 90. Jumamosi asubuhi akaja na bei nyingine, laki 1 na elfu 10. Nikamuuliza kulikoni. "Mama, mafuta. Leo ndiyo ile mia moja ya kila lita inaanza." Ni kweli bajeti ile ile iliongeza shilingi 100 kwa lita ya petroli na dizeli kuanzia siku hiyo. Lakini bei kikomo za mafuta EWURA, mamlaka inayozidhibiti, huzitangaza Jumatano ya kwanza ya mwezi, na siku ile ilikuwa Jumamosi. Tangi la gari lile lilikuwa na mafuta ya juzi. Nilimweleza. Akanisikiliza kwa heshima zote, na bei haikushuka. Vitu vilikuwa tayari nje, na chumbani kulishaingia mpangaji mwingine na godoro lake.

Kabati letu la nguo ni la mninga, milango mitatu, mume wangu alinilipia nalo deni la kunioa bila sherehe. Vijana wanne walilipandisha, na mmoja wao akalibatiza jina la Kimondo, kwa kile kimondo chetu cha Ndolezi ambacho hakuna aliyewahi kukibeba. Jina hilo limelishika mpaka leo. Pale Mpemba, malori yakiwa yamejipanga pande zote, dereva aliingia njia ya vumbi ili kuyakwepa. Kamba ikakatika. Kabati lilishuka kwa mgongo, taratibu, kama mzee anayekaa, na mlango wa kati ukang'oka na bawaba zake. Ndani nilikuwa nimepanga sahani, na unga debe moja. Tulizoa unga uliofaa, sahani zikabaki tatu.

Mpemba hapo hapo ndipo tulipomwacha kifungua mimba wetu. Alikuwa Darasa la Saba, mtihani wa taifa ni Septemba, na hakuna mzazi mwenye akili anayemhamisha mtoto shule miezi miwili kabla ya mtihani. Alibaki kwa shangazi yake. Hakulia, na mimi sikulia mbele yake. Kodi ya vyumba vitatu inaweza kuigawa familia mara mbili kabla ya saa sita mchana, na hakuna risiti inayoandikwa kwa jambo hilo.

Tulipita Vwawa, tukapita Mlowo, tukafika Nanyala alasiri na baridi ikiwa imeanza. Asiyeijua Mbozi ya Julai asifikirie kwamba Tanzania yote ni joto. Nyumba ya mama mkwe ni ya matofali ya kuchoma na bati. Ilikuwa imefungwa tangu Februari, kwa sababu mama alikuwa Mbeya kwa binti yake akitibiwa mguu. Alirudi siku ile ile kutupokea. Nilimwamkia, akanishika mikono miwili, akasema, "Karibu nyumbani, mkwe wangu. Hapa hakuna wa kukudai kodi."

Kimondo kilikataa kuingia mlangoni. Tulikigeuza upande, tukakilaza, mume wangu akapima kwa futi: kilizidi inchi tatu. Kikabaki barazani, kimesimama bila mlango wa kati.

Mimi sikuwa nimekuja kukaa bure. Pesa kidogo tuliyokuwa nayo, ambayo ingemezwa na kodi ya miezi sita, niliigawa. Sehemu ilikuwa ya vifaranga 80 vya kuku chotara, sehemu ya mifuko sita ya saruji, ili tupige plasta vyumba viwili visipitishe upepo. Saruji nayo ilikuwa imeguswa na bajeti: shilingi 20 kwa kilo, yaani 1,000 kwa mfuko wa kilo 50. Dukani nilikuta mfuko umepanda 2,000. Nilipouliza ile elfu ya pili ni ya nani, muuzaji alisema ni ya usafiri. Na kiwanda cha saruji kiko Songwe, barabara hii hii tunayoishi, malori yake tunayaona yakipita.

Vifaranga vilikuja wiki ya pili. Mume wangu alitengeneza bruda ya maboksi kwenye chumba cha pembeni, akaning'iniza taa mbili za joto. Usiku wa tatu, saa nane, niliamshwa na kimya. Kifaranga mwenye joto hulia kidogo kidogo usiku kucha. Akipata baridi hupiga kelele. Baridi ikizidi hunyamaza. Taa zilikuwa zimezimika, mita inaonyesha sifuri. Nikanunua umeme wa 5,000 kwa simu, kwa haraka, vidole vinatetemeka. Ujumbe ukaja. Niliusoma mara tatu kwa mwanga wa simu. Kodi ya jengo, 5,000. Uniti, sifuri.

Kumbe nyumba inapofungwa, kodi haifungwi. Februari, Machi, Aprili, Mei, Juni, kila mwezi 1,000 ilikuwa imejiandika, na Julai 1,500. Deni lote 6,500. Tangu siku ya kuhamia tulikuwa tukitumia uniti alizoziacha mama alipoondoka, ndiyo maana hatukujua. Simu yangu haikuwa na pesa nyingine. Mume wangu alikuwa Tunduma, amelala karakanani, simu imezimwa.

Mama mkwe aliamka kwa kelele zangu. Hakuuliza mengi. Aliwasha jiko la mkaa barazani, akabandika sufuria kubwa, akaniambia nilete madumu yote ya mafuta ya kula yaliyo tupu. Tukayajaza maji ya moto, tukayafunga kwa kanga, tukayapanga ndani ya Kimondo, sehemu ya chini nilikokuwa natunza viatu. Juu yake tukatandika gunia, juu ya gunia tukaweka vifaranga, na tundu la mlango uliong'oka tukaliziba kwa blanketi. Mti ule mzito unashika joto. Kila nusu saa tulibadilisha madumu mawili, mkaa tukauacha mbali na kabati ili moshi usiviue.

Tukiwa tumekaa pale, tumejifunika shuka moja, mama akanisimulia kodi ya maendeleo ya enzi zao. Mgambo walikuwa wakija alfajiri. Wanaume wasio na stakabadhi walilala kwenye mashamba ya kahawa, na wanawake walipeleka ugali kwa siri, umefichwa kwenye kapu la majani ya maboga. Baba mkwe marehemu aliwahi kukaa shambani siku nne. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 2003, na mama anakumbuka kwamba watu walisherehekea kama wamepata uhuru mara ya pili. "Lakini ile," akasema, "ilikuwa na miguu. Uliisikia inakuja, ukakimbia. Hii imekaa ukutani kwangu ndani ya nyumba, na mimi nimeifungulia mlango mwenyewe."

Nimeyafikiria sana maneno hayo. Sitamani kabisa mgambo warudi; kodi inayokatwa bila mtu kupigwa ni bora mara mia. Na kodi yenyewe siilaumu. Barabara hii ya lami inayopita Nanyala kwenda Tunduma haikujengwa kwa maombi. Shilingi 18,000 kwa mwaka ningeilipa bila manung'uniko kama ningekuwa na nyumba. Kilichotuhamisha ni kile kilichojibandika juu yake njiani, kwa mwenye nyumba, kwa dereva, kwa muuza saruji. Kila mmoja aliipokea shilingi ya serikali akaitumia kufungulia mlango shilingi zake kumi.

Asubuhi vifaranga 61 vilikuwa hai. Vilivyokufa kumi na tisa tulivizika nyuma ya choo.

Suala la mita mama alilishughulikia mwenyewe. Sheria inamsamehe kodi hii mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na kipato, kwa nyumba anayoishi, na mama ana miaka 74. Lakini msamaha haumfuati mtu. Mtu ndiye anayeufuata. Agosti alikwenda kwa miguu yake inayouma, na kitambulisho cha taifa na barua ya serikali ya kijiji, akaambiwa kuna karatasi imepungua, akarudi, akaenda tena. Oktoba makato yakakoma.

Sisi tumebaki Nanyala. Mume wangu anarudi Jumamosi na kuondoka Jumatatu alfajiri, nauli ilikuwa elfu 8 kwenda na kurudi, mpaka Desemba 2023 nauli zilipopanda. Kifungua mimba alifaulu, akaingia sekondari. Mayai ya kuku wetu tunawauzia wenye migahawa wa Mlowo. Kimondo bado kiko barazani. Kila kundi jipya la vifaranga linaanzia humo wiki mbili za kwanza, na nguo zangu zinakaa kwenye sanduku.

Mwaka jana nilikwenda Sogea kwa yule mwenye nyumba. Kodi ya jengo ni deni la mwenye jengo, si la mpangaji, na mfumo huu ulipoanza serikali yenyewe ilisema mpangaji aliyekatwa amalizane na mwenye nyumba wake. Kuanzia Agosti 2021 hadi Juni 2023 ni miezi 23, shilingi 23,000, zote zilikatwa kwenye umeme wangu. Hakubisha. Alinikaribisha safari hii, nikakaa, akasema, "Mama, nionyeshe meseji."

Sikuwa nazo. Nilikuwa nazifuta kila mwezi ili simu ipate nafasi.

Wewe uliyepanga, Tunduma au popote, usizifute. Ziandike kwenye daftari, tarehe na kiasi, na siku ya kulipa kodi ya nyumba litangulize daftari kabla ya pesa.