Shuka, Mwanga Unapotea

Siku hizi urafiki wa watu wa Nairobi haupimwi kwa mkopo. Unapimwa Naivasha, ndani ya mbuga ya Hell's Gate, kwenye Fischer's Tower, jiwe la volkano lenye urefu wa mita 25 hivi. Wikendi utawakuta wawili wawili, helmeti mpya, karabina zikilia viunoni kama njuga. Mmoja anajifunza kushuka kwa kamba. Mwenzake anajifunza kumpiga picha.

"Buda, umekagua?"

"Nimekagua, shuka tu, mwanga unapotea."

Fundo la umbo la nane kule juu limefungwa vizuri, tuwape haki yao. Tatizo liko chini, kwenye ncha ya kamba, ambako hakuna fundo lolote. Fundo lile dogo, la kufungwa kufumba na kufumbua, ndilo humzuia mtu asipitilize kamba ikiisha naye bado yuko hewani. Bahati mbaya, pichani halionekani. Halafu kuna kile kikamba cha Prusik, alichokieleza Karl Prusik wa Austria mwaka 1931: ukikizungusha kwenye kamba kubwa, hubana pale mkono unapoachia. Kwa hawa ndugu zetu kinaning'iniza funguo za gari, na kinazibana barabara.

Pimbi wa mwambani hapo hupanda na kushuka mchana kutwa bila kamba. Ila wao hawana rafiki wa kuwaambia, "Achia mkono mmoja, utabasamu."