Barua ya Wazi kwa Microsoft: Ombi la Kumpandisha Marehemu Atoe Ushahidi

Kwa Wakuu wa Microsoft,
Redmond, Washington,
Marekani.

YAH: OMBI LA KUPATIWA WAGANGA WA KUPANDISHA MIZIMU YA WINDOWS ZILIZOFARIKI

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Kwa heshima na taadhima, nawaandikia kwa niaba ya watu wa aina moja tu: wale walionunua dukani diski ya apgredi, yaani ya kupandia toleo jipya la Windows kutoka la zamani, kwa fedha halali, ndani ya boksi lenye hologramu, kisha siku moja kompyuta ikagoma kuwaka. Barua ya wazi si jambo geni nyumbani kwenu. Mwezi wa Februari 1976 Bill Gates mwenyewe aliwaandikia wapenzi wa kompyuta barua ya namna hii, akiwalaumu kwamba wengi wao walikuwa wakitumia programu yake ya BASIC bila kuilipia. Ile iliandikwa kwa wasiolipa. Hii inatoka kwa waliolipa, nao wana neno.

Mnajua vizuri, wakuu, kwamba mtu hapigi Windows upya kwa sababu ana raha. Hupiga kwa sababu iliyokuwepo imekufa: diski kuu imeungua, au virusi vimekula faili, au mashine inazunguka kwenye skrini ya buluu tangu asubuhi. Ni katika saa hiyo ya msiba ndipo diski yenu ya apgredi ya Windows Vista, ile iliyoingia madukani Januari 2007, inauliza Windows iliyotangulia iko wapi. Haitaki kuonyeshwa risiti wala CD ya zamani. Inataka Windows ya zamani iwe hai ndani ya mashine, imewaka, na diski yenyewe ianzishwe kutoka humo. Ukiwasha kompyuta kwa diski hiyo ukaandika ufunguo wako wa herufi na tarakimu 25, unaambiwa ufunguo huo hautumiki hivyo. Wakati huohuo mkataba wenu wa leseni unasema kwamba mtu akishapanda toleo hana ruhusa tena ya kutumia lile la awali. Basi mkataba unamkataza kuigusa Windows XP, iliyotangulia Vista, na diski inamwamuru aiweke. Atii kipi?

Tuchukue kwamba ni mtu mtiifu na anaamua kuifuata diski. Anaanza na XP, programu ya mwaka 2001, kwenye mashine ya 2007. XP haiioni diski kuu, maana mashine nyingi za miaka ile zilikuja na SATA katika hali ya AHCI, na XP haina draiva yake. Inamwambia abonyeze F6 na kuleta draiva kwenye flopi. Haikubali CD, haikubali flashi, inataka flopi, na mashine yenyewe haina hata tundu la kuiingizia. Akifanikiwa kwa namna anayoijua Mungu, anakuwa na XP ambayo ukuta wake wa ulinzi ulikuwa umelala usingizi hadi mlipouamsha kwa Service Pack 2 mwezi Agosti 2004, na akithubutu kuiunganisha na intaneti ikiwa hivyo, minyoo ya aina ya Blaster, ile iliyotapakaa 2003, inaweza kumfikia kabla ya viraka vyenu. Na kazi yote hiyo ni ya nini? Ili XP isimame mlangoni, iseme “ndiyo, ninamfahamu”, kisha diski yenu iizike tena palepale katika folda iitwayo Windows.old.

Ndiyo maana, baada ya kutafakari, hatuombi mwondoe sharti hilo. Sisi ni nani? Tunaomba tu mtuwezeshe kulitimiza. Kwa kuwa shahidi mnayemtaka ni maiti, tupatieni waganga wenye kibali cha Microsoft, walau mmoja kila wilaya, waliobobea katika kupandisha mizimu ya programu. Mteja atafika na CPU yake kwapani, imefunikwa shuka jeupe, pamoja na udi, ubani na boksi lenye hologramu. Mkeka utatandikwa na chano kuandaliwa. Badala ya ngoma utapigwa ule muziki wa kuwashia XP, mara saba, taratibu, mpaka feni ianze kutetemeka. Mzimu ukishapanda mganga auhoji kwa adabu: wewe ni Home au Professional? Service Pack ya ngapi? Nani aliyekununua, na alilipa taslimu? Mizimu ina mahitaji yake, na huu bila shaka utadai flopi, upewe flopi. Ndipo mganga auelekeze kwenye diski ya Vista, nao utamke kwa sauti kwamba uliishi humu, uliamilishwa kihalali, na kwamba huyu aliyeketi mkekani si mwizi. Ofisa wenu atagonga mhuri na mzimu utaruhusiwa kushuka.

Yako mambo machache ya utaratibu. XP yenyewe huenda ilitokana na diski ya apgredi, hivyo mzimu wake utahitaji kudhaminiwa na Windows 98, na wa 98 na Windows 95, na wa 95 na Windows 3.1, ambaye atakuja ameshikwa mkono na DOS kwa kuwa hakuwahi kutembea peke yake. Mkeka uwe mpana. Windows ME asipandishwe kwa hali yoyote. Na akijipandia mwenyewe asihojiwe, aachwe tu, atazimika bila kuguswa. Ada ya mganga iingizwe katika bei ya boksi, na uganga usiofaulu ulipiwe fidia, si kwa kuponi.

Najua mtajibu nini. Mtasema kwamba diski ya apgredi iliuzwa kwa bei nafuu, na mwenye kununua nafuu avumilie masharti yake. Hebu tuitazame hiyo nafuu. Nchini Marekani Vista Home Premium kamili ilitoka kwa dola 239, na ya apgredi kwa dola 159. Punguzo la dola 80 si haba. Lakini mnunuzi wa apgredi alikuwa amekwisha kuwalipa, na kama alinunua XP Home kamili ilipotoka, alitoa dola 199. Jumlisheni: dola 358 kwake, dhidi ya dola 239 za yule ambaye hajawahi kuwapa hata senti. Huyo aliyekuja jana anawasha mashine kwa diski yake na kuendelea na maisha. Yule aliyewalipa mara mbili ndiye anayewekwa kando na kuulizwa alikotoka. Punguzo lile halikuwa sadaka. Lilikuwa malipo ya kuendelea kuwa mteja wenu, na mliyageuza kuwa sababu ya kumtilia shaka.

Mtasema pia kwamba bila ushahidi, watu wangenunua apgredi bila kuwa na Windows ya awali, au wangepanda toleo kwenye mashine moja na kuigawa XP ya zamani kwa shemeji. Hoja hii ningeiheshimu kama nyinyi wenyewe hamngekuwa mmekwisha kuijibu. Diski ya apgredi ya XP, isipoona Windows mashinini, ilimwomba mtu aingize CD yake ya zamani. Ikaisoma, ikamrudishia, ikaendelea na kazi, kama mlinzi wa getini anayetazama kitambulisho na kukuacha upite. Isitoshe, tangu 2001 mna uamilishaji. Kila ufunguo unafika kwenye seva zenu, na asiye na intaneti alikuwa akipiga simu na kusoma tarakimu 50 za XP yake, mashine ya upande wa pili ikamsomea 42 za kuandika. Kama seva inajua ufunguo umetumika wapi, shahidi aliyekufa ataongeza nini?

Na ulinzi wenyewe ulikuwaje? Vista haikukaa madukani muda mrefu kabla ya watu kugundua kwamba ukiliacha tundu la ufunguo wazi, diski ileile ya apgredi inajiweka yenyewe kwenye diski kuu tupu kwa majaribio ya siku 30. Kisha unaianzisha tena kutoka ndani ya Vista hiyo isiyo na ufunguo, na diski, ikiitafuta Windows iliyotangulia, inajiona yenyewe na kuridhika. Ilijitolea ushahidi! Kwenye Windows 7 ilitosha kuingia kwenye rejista, kutafuta palipoandikwa MediaBootInstall, kugeuza 1 kuwa 0, na kuandika amri moja fupi. Anayezijua njia hizi hupita bila kuwa na chochote cha zamani. Asiyezijua, aliyesoma maelezo ya nyuma ya boksi na kuyaamini, yuko nje anatafuta flopi. Na yule wa nakala feki ya mtaani wala hayumo katika habari hii, kwa sababu diski yake haiulizi kitu. Fundi anaitumbukiza, chai inapoa, Windows imepanda. Mwizi mlimwachia barabara pana. Sisi mlitutengenezea pango. Semeni basi mlikuwa mnamlinda nani, maana mali hamkuilinda, na wateja mliwafanyia dharau ambayo hata muuza karanga hawezi kumfanyia mtu aliyempa hela mkononi.

Samahani, wakuu. Kalamu iliteleza. Ninarejea kwenye taadhima.

Kuna atakayesema kwamba nagombana na kaburi: tangu Windows 8.1, Oktoba 2013, diski zenu za dukani zimekuwa kamili, na za apgredi zimebaki vumbi kwenye rafu. Ni kweli, ila tazameni kilichofuata. Windows 10 ilipokuja Julai 2015, mliigawa bure kwa wenye 7 na 8.1, na bado mwanzoni mlidai iwekwe kwanza juu ya Windows ya zamani iliyo hai, iliyoamilishwa. Msiba uleule, kwa bidhaa isiyouzwa! Novemba ya mwaka huohuo mkalegeza, ufunguo wa Windows 7 ukaanza kutosha peke yake. Mlitangaza kwamba ofa ingekwisha Julai 2016. Funguo hizo zikaendelea kupokewa hadi 2023, na Redmond haijauzwa kwa mnada. Kumbe iliwezekana. Ilikuwa inawezekana siku zote, hata Januari 2007.

Na tabia haijafa. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa iliyo kwenye orodha yenu, na ya Home haikubali kuwekwa kwa njia ya kawaida bila intaneti na akaunti ya Microsoft. Mashine za mtumba zinazoshushwa Dar es Salaam na Mombasa, nyingi zikiwa na nguvu ya kufanya kazi miaka mingi bado, zinaambiwa hazikuzaliwa vizuri, na Windows 10 ambayo wenye mashine hizo walikuwa wakiitegemea mliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Hilo linahitaji barua yake.

Kabla sijafunga, tuna maombi mengine madogo. Herufi B na tarakimu 8 zitenganishwe kwenye funguo zenu, au mtuletee darubini. Stika ya ufunguo isibandikwe chini ya laptopu, mahali ambapo mapaja ya mtumiaji yataifuta kabla ya mwaka kuisha. Mkisema zimebaki dakika mbili, zisizae. Mliwahi kugharimia kutafsiri menyu za Windows kwa Kiswahili, na tunawashukuru. Basi mtujibu kwa Kiswahili pia, na jibu hilo msilitoe kwa sharti kwamba tuwaonyeshe kwanza jibu mlilotupa mara iliyopita. Halipo.

Wenu mtiifu,
Mteja halali kwa siku 30 zijazo.