Watoto wa Mweru na Halloween Isiyokwisha

Tarehe 31 Oktoba ikikaribia, picha za watoto wa Marekani waliovaa kama mifupa, wakigonga milango kudai pipi, hufika hata kwenye simu za Nchelenge na Kashikishi, huku kwetu ufukweni mwa Ziwa Mweru, Zambia, na swali linalozifuata ni lile lile: mbona sisi hatuna? Jibu langu ni kwamba tunayo, ila imetawanywa mwaka mzima, na anayeiendesha ni ukoo, si duka. Halloween ni sikukuu ya familia ndogo. Inadai mlango uliofungwa, jirani usiyemjua vizuri, na mtoto ambaye asipovaa kinyago kila mtu anamtambua. Kwenye ua wenye watoto kumi na wanane wa mama wanne, hakuna hata sharti moja kati ya hayo linalotimia. Mlango haufungwi mchana, jirani ni shangazi, na bibi akitaka kumwita mjukuu hupitia majina sita kabla ya kulifikia lenyewe. Anayeitikia la tatu ndiye anayetumwa dukani.

Tuanze na wafu, maana ndio wenye usiku huo. Ian Cunnison, mwanaanthropolojia ambaye kitabu chake juu ya watu wa Luapula kilitoka mwaka 1959, alieleza jinsi mrithi anavyochukua jina la marehemu pamoja na undugu wake wote, na jinsi wazee wanaposimulia historia wanavyosema "mimi" wakimaanisha mtangulizi aliyekwisha kufa zamani. Kwa hiyo ukimsikia mzee wa Kilunda akisema alitoka kwa Mwata Yamvo, mfalme wa Walunda, akavuka mto Luapula kwa miguu yake, safari ya karne ya 18, usimwitie daktari. Mtoto wa Ohio hujifanya mfu kwa saa tatu, kisha anaoga na kulala. Wa huku anaweza kukabidhiwa jina la babu, kaka wa bibi yake, meno ya utoto hayajang'oka, na tangu siku hiyo mama yake mzazi akamwita mjomba. Vituko vinavyofuata havihitaji vazi. Mjomba akimwaga ndoo nzima ya maji, nani mwenye ujasiri wa kumchapa?

Hata lile dai la "nipe au nikufanyie vituko" lina wenyewe. Mwanaanthropolojia Audrey Richards aliandika katika miaka ya 1930 juu ya koo za Wabemba zinazotaniana: mamba na samaki, chui na mbuzi, kufuata nani humla nani. Mtani huja msibani, hulia kilio cha kejeli, humsema marehemu kwa uchoyo wake, na hudai anachotaka. Utaniambia huo ni mchezo wa wakubwa, na watoto nao wana haki ya kuzunguka nyumba kwa nyumba. Wanazunguka! Mtoto wa familia kubwa anajua jiko lipi linapakua saa ngapi, na hutokea kwa shangazi ugali ukiwa ndiyo kwanza unawekwa mezani, kwa bahati tu, kila siku ya Mungu. Kwenye pipi nakubali tumezidiwa.

Wapo watakaopinga kwa upande mwingine kabisa: Zambia ilitangazwa taifa la Kikristo mwaka 1991, usiku wa mashetani unatafuta nini? Lakini jina lenyewe linatokana na mkesha wa Watakatifu Wote, na 1 Novemba Wakatoliki wa ziwani huiadhimisha bila kumtisha mtu. Shetani hanipi wasiwasi. Wanaonipa wasiwasi ni majirani. Mahali ambapo uchawi si mzaha, kivuli chenye kofia ndefu mlangoni saa mbili usiku hakipewi pipi. Isitoshe, Sheria ya Uchawi, iliyowekwa mwaka 1914 enzi za wakoloni, inakataza kumtaja mtu kuwa mchawi; mwenye nyumba akipiga yowe "Mchawi huyo!", wa kwanza kujieleza atakuwa yeye.

Taa za gizani tunazo pia: usiku usio na mbalamwezi wavuvi wa chisense, dagaa wa huku, huwasha zao ziwani, zamani karabai, siku hizi balbu za betri. Limebaki boga. Oktoba huku ni kilele cha joto, na mbegu za maboga bado zinangoja mvua. Mmea ukiota, majani yake huchumwa kuwa mboga muda mrefu kabla boga halijakomaa. Na likikomaa, nani atalikwangua nyama yote aweke mshumaa ndani, mbele ya watoto kumi na wanane ambao hawajala? Waairishi walianza kwa kuchonga tanipu, kwa hiyo mila yenyewe haioni shida kubadili zao, na mtu anaweza kupendekeza muhogo, ambao haukosekani. Ila atakayeonekana nyuma ya jiko ameshika kisu na muhogo hataulizwa anachonga nini. Atasogezewa karai lililobaki amalize kumenya.