Nyonga Mpya, Ofisi Ileile

Daktari amekupasua, akakata kichwa cha mfupa wa paja kilichosagika, akakuwekea kingine cha chuma au kauri pamoja na kikombe chenye bitana ya plastiki ngumu. Kazi hiyo haimalizi asubuhi moja. Iliyobaki ndiyo ngumu: kurudi ofisini bila kumkera mtu. Mimi nimeshapita njia hiyo. Fuata mwongozo huu neno kwa neno, na ukiumia usiseme hukuelekezwa.

Kwanza: wahi kurudi

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inakupa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza ni za mshahara kamili, 63 zinazofuata ni za nusu mshahara, mradi uwe na cheti cha daktari. Mtu wa kazi za mezani mara nyingi hurudi baada ya wiki sita hivi. Anayesimama na kubeba mizigo husubiri miezi mitatu, wakati mwingine zaidi. Hayo ni ya wavivu. Wewe rudi wiki ya nne, kama mimi. Nilijikokota hadi kazini kwa sababu ufunguo wa stoo ninao mimi peke yangu. Nikakuta wameshaweka kufuli jipya.

Pili: panda chochote kinachosimama

Daladala ni nzuri kwa mazoezi. Ngazi yake iko juu, dereva anaondoka kabla mguu wa pili haujaingia, na konda anakuhimiza: "Sogea nyuma, mzee, nyuma kweupe!" Bodaboda inakutaka urushe mguu juu ya kiti, jambo ambalo nyonga mpya italikumbuka kwa muda mrefu. Waoga hukodi teksi. Husogeza kiti cha mbele nyuma kabisa, hutanguliza makalio, kisha huingiza miguu yote miwili kwa pamoja, kama bibi harusi anayetunza shela. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alinishauri nikalie mfuko wa plastiki ili niteleze vizuri. Nikamkumbusha kwamba mifuko hiyo ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019. Nikatandika kipande cha satini kilichobaki kwenye sare ya harusi. Kinateleza kuliko mfuko.

Tatu: ukikaribishwa kiti, keti

Hospitalini watakuambia kwamba wiki za mwanzo goti lisipande juu ya nyonga, usikunje nne, na vidole vya mguu visigeukie ndani, la sivyo nyonga yaweza kuchomoka kwenye kikombe chake. Lakini hospitalini hawamjui bosi wako. Ofisini kwake kuna sofa fupi, laini, la kumpokelea mgeni wa heshima, na akisema "karibu kiti" utasimama kama mgambo?

Mimi niliketi. Sofa likanimeza hadi magoti yakakaribia kidevu. Mazungumzo yalichukua dakika tano, kuninyanyua kukachukua kumi: mlinzi kwapa la kulia, mama wa chai kwapa la kushoto, bosi akiwa ameshika fimbo yangu asijue aiweke wapi. Tangu siku hiyo naingia na kiti changu mwenyewe, kirefu, chenye mikono. Choo cha kuchuchumaa nacho tumeagana.

Nne: ficha fimbo

Fimbo ina kanuni zake. Hushikwa kwa mkono wa upande wa mguu mzima, si upande wa mguu uliopasuliwa. Kwenye ngazi, uchukulie mguu wa operesheni kuwa ni mgeni. Mkipanda, mwenyeji hutangulia kumwonyesha njia. Mkishuka, mgeni hupita mbele, mwenyeji akamsindikiza. Fimbo huenda na mgeni popote aendapo.

Tatizo la fimbo ni kuzeesha. Nina miaka 46. Binti wa mapokezi, ambaye kabla ya operesheni alikuwa akiniita kaka, asubuhi niliyorudi aliiona fimbo, akanyanyuka na kunipa shikamoo. Nilitafuta jibu jingine nikalikosa. Nikasema marahaba. Mchana kalamu ikanidondoka, akaja mbio kuiokota kabla sijainama, nami nikaona kwamba marahaba ile ina faida zake.

Tano: wasikilize madaktari wote wa ofisini

Mhasibu anaamini ningekandwa kwa mafuta ya nyonyo, operesheni isingehitajika. Dereva alitaka kujua kama chuma hakitashika kutu masika yakianza. Mlinzi alinipitishia kile kifaa chake cha ukaguzi, kikalia. Tukatoa simu, kikalia. Tukatoa funguo na mkanda, kikalia. Nikamwambia kilichobaki kimo ndani ya paja, na aliyenacho kibali cha kukitoa yuko hospitali. Wote waitikie kwa heshima, kisha ukafanye mazoezi uliyopewa na mtaalamu.

Sita: ukiulizwa hujambo, sema sijambo

Hapa ndipo ninapoufunga utani. Hatua tano za juu ukizifuata, utachekwa, utachelewa kupona, pengine utarudishwa kwa daktari. Hii ya sita inaua. Tumezoea kujibu "sijambo" kabla hatujajikagua, na mgonjwa mwenye adabu hulitoa neno hilo hata akiwa anatokwa jasho la maumivu. Baada ya operesheni ya namna hii damu inaweza kuganda mguuni, bonge likasafiri hadi kwenye mapafu. Ukiona shavu la mguu limevimba na linauma, au pumzi imekata ghafla na kifua kinabana, hiyo si ya kusubiri kikao kiishe. Kidonda kikitoa usaha, homa ikipanda, au mguu ukagoma ghafla kukanyaga, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Siku hiyo wakikuuliza hujambo, wajibu kwamba huwezi, waite gari. Usiwaze habari za stoo. Kufuli walishabadilisha.