Heko kwa Asiyefunga Usemi

Apongezwe mwandishi chipukizi aliyegundua kwamba alama za fungua na funga usemi ni anasa. Katika riwaya yake mama mkwe, mgeni na mwizi wa kuku huzungumza ndani ya aya moja, kama abiria wa daladala jioni, na msomaji hupewa heshima ya kukisia nani kamtukana nani.

Akiulizwa, hutaja wakubwa. José Saramago, Mreno aliyepata Nobel mwaka 1998, alitenganisha wasemaji kwa mkato na herufi kubwa tu. Cormac McCarthy aliziacha alama hizo katika The Road, akapata Pulitzer mwaka 2007. Kweli tupu! Kwamba kwa wawili hao msemaji hutambulika kwa sauti yake, hilo dogo.

Mara moja chipukizi wetu alikumbuka kufungua usemi, akasahau kuufunga. Bibi harusi akaanza kusalimia ukurasa wa 12, na kwa hesabu za sarufi anasalimia bado: mvua imenyesha, ng'ombe kazaa, mume kazikwa. Alama za mshangao, alhamdulillahi, hazikuadimika; tatu kwa “Hujambo”, nne kwa “Sijambo”.

Mhariri aliyerudisha muswada kaambiwa ana wivu. Kitabu kiko mtamboni.