Baraza la Uani

Morogoro, Jumamosi ya Novemba. Usiku kucha vuli imegonga bati. Baba mwenye nyumba yuko kijiweni na kahawa yake, anawaambia wenzake kuwa kwake imenyesha ndoo nzima. Uani wamebaki wenyewe: Ndoo chini ya mfereji wa paa, Chupa ya soda iliyokatwa shingo na kufungwa kwenye nguzo kati ya matuta ya mchicha, Chura, na Jembe.

NDOO: Ndugu wananchi wa uani! Nimejaa mpaka nimefurika. Kuanzia leo mboga zisimwagiliwe hadi wiki ijayo. Hayo ni maagizo kutoka juu.

CHURA: Juu wapi?

NDOO: Kwenye bati.

CHUPA: Shikamoo, mzee. Mimi nimepata milimita 11.

NDOO: (anacheka mpaka maji yanamwagika) Kumi na moja! Mvua iliyoamsha mtaa mzima? Mwanangu, takwimu hiyo inatudhalilisha. Imwage, upime upya.

CHURA: Mimi nilitabiri.

JEMBE: Ulianza kulia matone yameshaanguka. Ule haukuwa utabiri, ilikuwa taarifa ya habari.

CHUPA: Mzee, bati linalokumwagia lina mita za mraba 40. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Wewe ni wa lita 20. Basi ulijaa mvua ikiwa nusu milimita tu! Bati limeshusha lita 440. Umeshika 20, nyingine zote zimeishia mtaroni.

NDOO: Huo ni uchochezi.

JEMBE: Debe tupu haliachi kuvuma. Kumbe na lililojaa.

NDOO: Haya, nipelekeni na mimi katikati ya matuta, tuone.

CHUPA: Karibu. Lakini mdomo wako mpana na tako lako jembamba. Maji yaliyoingia kwa upana yakishuka kwenye wembamba husimama juu kuliko mvua yenyewe, na rula itakusifu bure. Heri kopo la maziwa, kuta zake zimenyooka. Wakorea walilijua hilo tangu 1441, enzi za Mfalme Sejong: walitengeneza kipima mvua cha mviringo, kimenyooka toka juu hadi chini, kisha mikoani vikapelekwa vya kipimo kimoja.

CHURA: Vya chuma hivyo. Wewe juzi ulikuwa soda.

CHUPA: Sikatai. Na tako langu lina vilima, ndiyo maana binti wa mwenye nyumba alinitia kokoto, akamimina maji hadi mstari wa sifuri. Shingo aliyoikata akaigeuza ikawa faneli, jua lisininyonye. Akaniweka mbali na mpapai, mara mbili ya urefu wake. Kila saa tatu asubuhi ananisoma, anaandika daftarini, ananirudisha kwenye sifuri. Hata siku kavu anaandika 0.

NDOO: Sifuri nayo inaandikwa? Nani atampandisha cheo?

CHURA: Na baba je, halisomi daftari hilo?

CHUPA: Alilifungua mara moja. Akasema tarakimu zangu hazina mvuto.

JEMBE: Mimi sijui kusoma, nimechimba tu. Kina cha kidole kuna tope. Chini yake, vumbi.

(Kimya kidogo. Mchicha umeshaanza kulegea kwa jua la saa nne.)

CHUPA: Mboga zinataka kama milimita 25 kwa wiki, na zaidi jua likiwaka hivi. Wiki hii hakuna mvua nyingine iliyonyesha. Zimebaki 14. Tuta moja ni mita mbili za mraba, kwa hiyo lita 28.

NDOO: Na nani atazibeba?

JEMBE: Wewe, mheshimiwa. Tuta moja ni ndoo moja na karibu nusu. Matuta yako sita.