Sifa za Maumivu ya Kisigino

Washairi wetu wamesifu macho, meno, shingo na mwendo wa maashuki wao, wala hawakuona haya kuusifu hata unywele. Lakini kisigino, ambacho humstahimilia mtu uzito wake wote tangu siku aliposimama dede, ni nadra kupewa hata kibwagizo. Dhuluma hiyo haikuondolewa na shaha yeyote, bali na maumivu ya kisigino chenyewe, na kwa hiyo ndiyo ninayoyasifu hapa.

Sifa yake ya kwanza ni kutimiza miadi. Humngoja mtu pembeni mwa kitanda kama mdai mwenye hati mkononi, na hatua ya kwanza ya alfajiri ikigusa sakafu, humchoma papo hapo. Akitembea kidogo humrehemu, lakini akikaa barazani kwa mazungumzo marefu kisha akanyanyuka, humkumbusha tena. Wala hayafanyi hivyo kwa inda. Chini ya wayo umo ukano mnene, uanzao kwenye mfupa wa kisigino, ambao ni mkubwa kuliko mifupa yote ya mguu chini ya kifundo, ukaenea mpaka mashina ya vidole. Usiku hujikunyata, na asubuhi huvutwa ghafla mahali pale pale ulipochakaa.

Ama uadilifu wake, hakimu gani aufikie? Huwashika mwalimu asimamaye kutwa juu ya saruji, mpishi, askari, bwana aliyenenepeshwa na pilau za harusi, mkimbiaji aliyezidisha mbio bila taratibu, na bibi avaaye ndara nyembamba; mwenye wayo bapa na mwenye wayo ulioinuka mno, wote kwake ni sawa, ijapokuwa huwapenda zaidi wenye umri wa miaka 40 hadi 60.

Tena ni manyenyekevu, hata huacha sifa zake zichukuliwe na mwingine. Picha ya eksirei ikionyesha kijimwiba cha mfupa, mgonjwa hutoka nayo kwa fahari na kumwonyesha kila jirani, ilhali watu wengi wana mwiba huo na hawajaumwa hata siku moja.

Na dawa yake ni rahisi kiasi cha kuudhi. Kabla ya kukanyaga chini, vuta vidole vya mguu kuelekea kwako kwa nusu dakika, urudie mara kadhaa. Kisha simama mbele ya ukuta, mguu mmoja nyuma, goti limenyooka na kisigino kimetulia sakafuni, ulinyooshe shavu la mguu, kwa kuwa likikaza ndilo linalokivuta kisigino. Viringisha chupa ya maji yaliyoganda chini ya wayo. Vaa viatu vyenye kisigino kinene na laini, hata nyumbani. Punguza kusimama, na mwili ukizidi, punguza pilau. Sindano hutuliza kwa muda, lakini zikikithiri zaweza kuukata ukano. Wengi hupona bila kisu, ila yaweza kuchukua hata mwaka mzima, nayo ni saburi kubwa kufundishwa watu wasioweza kungoja chai ipoe.

Lakini kisigino kilichovimba na kuwa na moto, au chenye ganzi, au kinachouma usiku mtu amelala, au kilichoanza kuuma baada ya kuanguka, na hasa kisigino chenye kidonda cha mwenye kisukari, kipelekwe kwa tabibu siku hiyo hiyo. Hicho hakimo katika sifa hizi.